Nani Mhusika Mkuu? Tuzo za Maigizo na Waigizaji wa Kibera na Kawangware

Kwa miaka kumi na mitano sasa nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mada ya wahusika katika tamthilia ya Kiswahili, na kila mwaka nimewaandikia ubaoni maneno yaleyale: mhusika mkuu, mhusika msaidizi, mhusika mdogo. Huwaeleza kwamba mhusika mkuu ndiye abebaye maudhui, kwamba hujitokeza tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo, na kwamba matukio humzunguka yeye. Mtihani ukifika, wanafunzi hunirudishia maneno hayo kama nilivyowapa, nami huwapa alama zao. Sikupata kufikiri kwamba siku moja maneno hayo yangetoka darasani yakawanyima watu watano haki yao, tena kwa kauli yangu mwenyewe. Insha hii inahusu kisa hicho, pamoja na yale niliyolazimika kuyatafakari baada yake.

Mnamo mwaka wa 2019 nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi watano wa tuzo ya sanaa za maonyesho hapa Nairobi. Sitaitaja kwa jina. Walioiendesha walikuwa watu wema waliojitolea, na malipo yetu sote yalikuwa nauli na chakula cha mchana. Tulikabidhiwa orodha ya vitengo na ukurasa mmoja wa kanuni. Kanuni hizo zilisema kwamba mwigizaji awe ametajwa kwa jina katika kijitabu cha onyesho. Kwamba nafasi moja ihesabiwe kuwa ya mwigizaji mmoja. Na kwamba anayestahiki kuteuliwa kuwa Mwigizaji Mkuu, wa kike au wa kiume, ni yule aliyeigiza mhusika mkuu kwa maana inayofahamika katika uhakiki wa fasihi. Yamkini kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichofanya nialikwe. Wenzangu wanne walikuwa watu wa jukwaani. Mimi nilikuwa mtu wa vitabu, na kazi yangu ilikuwa kusema nani ni nani.

Makundi ya mitaani tuliruhusiwa kuyafuata yaliko. Ndipo Jumamosi moja tulipopanda matatu ya nambari 8 hadi Kibera, tukatembea kwa miguu mpaka uwanja wa Kamukunji. Hapakuwa na jukwaa. Palikuwa na duara la watu, watoto wakiwa wamekaa chini mbele, wanaume wameegemea vibanda, na mwanamke mmoja aliyeendelea kukaanga mandazi yake muda wote huku akiyafuatilia mambo kwa jicho moja. Mchezo ulihusu ubomoaji wa Julai 2018, wakati nyumba nyingi za Kibera zilipoangushwa ili kuipisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mama mmoja anaamka asubuhi na kukuta alama ya X imechorwa mlangoni mwake. Anamtafuta mwenye nyumba, hapatikani. Anamtafuta chifu, anaambiwa angoje. Anangoja. Tingatinga halingoji.

Mama huyo aliigizwa na wanawake watano. Palikuwa na leso moja nyekundu, na aliyeivaa ndiye aliyekuwa mama. Mara ya kwanza ilipopokezanwa nilidhani nimeshuhudia kosa: aliyekuwa akizungumza na chifu alivua leso katikati ya sentensi, mwenzake akaivaa na kuimalizia sentensi ileile kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyekwisha choka kungoja. Mara ya pili nikaelewa. Kufikia mara ya nne hadhira ilikuwa inaitazama leso zaidi ya uso wa mtu, na ilipotupwa chini juu ya mabati, bila mtu kuivaa kwa muda, pale Kamukunji palinyamaza kwa namna ambayo sijapata kuishuhudia katika ukumbi wowote wenye viti. Aliyeiokota mwishowe alikuwa mkubwa wao kwa umri, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Hakusema lolote. Alianza kuhesabu mabati.

Baada ya onyesho niliwaendea nikiwa na kalamu na fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja.

"Nani kati yenu ndiye mama?" niliuliza.

"Sisi wote, Daktari," alijibu yule mrefu. "Mwenye leso ndiye mama."

Niliwauliza walikoitoa mbinu hiyo. Walitazamana. Kisha mmoja akanieleza, kwa heshima ya mtu anayemweleza mgeni jambo lililo wazi, kwamba siku za Jumanne na Alhamisi yeye huwa Kilimani akifua nguo, na mwenzake huyu hufanya kazi ya usiku Industrial Area, na huyu mwingine hana mtu wa kumwachia mtoto. Hakuna siku wote watano huwa na uhakika wa kufika mazoezini. Kwa hiyo wote walijifunza maneno ya mama, ili yeyote atakayekosekana asiuvunje mchezo. Halafu ikatokea siku moja kwamba aliyekuwa mama alilazimika kuondoka katikati ya onyesho ili awahi kazini, akamvika mwenzake leso na kwenda zake. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo wakaendelea hivyo. Nami katika daftari langu nilikuwa nimekwisha kuandika: "Uvunjaji wa makusudi wa umoja wa mhusika; taz. Brecht." Daftari hilo ninalo hadi leo, na sentensi hiyo sijaifuta.

Jopo lilipokutana, mwamuzi mmoja, mwelekezi wa michezo wa siku nyingi, alipendekeza wanawake hao wateuliwe wote watano kwa pamoja katika kitengo cha Mwigizaji Mkuu wa Kike. Mwenyekiti alisoma kanuni: nafasi moja, mwigizaji mmoja. Mwelekezi akasema basi ateuliwe yule mrefu kwa niaba ya wenzake. Hapo wakanigeukia mimi. Nilizungumza kwa dakika kadhaa, na naogopa kwamba nilizungumza vizuri. Nilisema mhusika mkuu yupo, hilo halina shaka, lakini hakuna mwigizaji hata mmoja aliyemchukua tangu mwanzo hadi mwisho. Kwamba kila mmoja wao, akitazamwa peke yake, alikuwa na dakika zisizozidi kumi, na hivyo kwa kipimo cha uhakiki ni mwigizaji msaidizi. Na kwamba hatuwezi kuwa na wasaidizi watano wasio na wanayemsaidia. Nikahitimisha kwamba uzuri wa mchezo ule ulikuwa uzuri wa kundi, na kundi lina kitengo chake. Kila mtu alishusha pumzi. Wanawake wa Kamukunji wakapelekwa kwenye Kundi Bora la Jamii, na wakashinda.

Yafaa nieleze maana ya neno "jamii" katika vitengo kama hivyo, kwa kuwa nadhani wasomaji wengi wa jarida hili hawajalitilia maanani. Katika maigizo ya Nairobi, mchezo wa jamii ni mchezo unaochezwa mtaani, bila tiketi, mara nyingi kwa fedha za shirika linalotaka watu wafundishwe jambo: kunawa mikono, kupima virusi, kupiga kura kwa amani. Ukumbi wa sumaku, ule ulioenezwa nchini na shirika la PATH mapema katika miaka ya 2000, ambamo mchezo husimamishwa penye utata na hadhira kuombwa itoe ushauri, umewafunza vijana wengi wa mitaa hii stadi ambazo sijaziona zikifundishwa vyuoni. Lakini kwa sababu mchezo umeletwa kwa ajili ya ujumbe, mwamuzi naye huupima ujumbe. Katika fomu ya kitengo hicho hapakuwa na safu ya uigizaji hata moja. Palikuwa na "umuhimu wa mada", "ushirikishaji wa hadhira" na "manufaa kwa jamii". Wanawake wale walituzwa kwa manufaa yao. Mshindi wa Mwigizaji Mkuu wa Kike, ambaye alistahili kwa hakika, alipata bahasha, na kabla ya mwaka kwisha tulimwona katika tamthilia ya televisheni. Kundi la Kamukunji lilipata kombe moja na cheti kimoja chenye jina la kundi.

Nilianza kuona haya polepole, na njia yenyewe ilikuwa ya kitaaluma, kama ilivyo ada kwetu. Nilikuwa nikiandaa mhadhara juu ya tanzia ya Kiyunani nilipokumbuka jambo ambalo nimelijua tangu nikiwa mwanafunzi bila kulifikiria. Katika mashindano ya Athens, tuzo ya mwigizaji wa tanzia ilianza kutolewa yapata mwaka wa 449 K.K. Waigizaji walikuwa watatu, nao waligawana wahusika wote kwa kubadilisha barakoa. Hata hivyo, aliyestahiki kushindania tuzo alikuwa mmoja tu, yule aliyeitwa protagonistes, yaani mshindani wa kwanza. Wale wawili wangeigiza vizuri namna gani, kanuni haikuwaona. Neno hilo ndilo lililotufikia, kupitia lugha za Ulaya na vitabu vyao vya uhakiki, likafasiriwa kuwa mhusika mkuu. Jambo ninalowafundisha wanafunzi kuwa ni sifa ya matini lilikuwa na maisha ya zamani zaidi kama cheo cha mtu anayeruhusiwa kushinda. Nilipoliambia jopo kwamba uhakiki hauwaruhusu wanawake wale, nilikuwa nikiipa kanuni ya mashindano hadhi ya nadharia.

Halafu nikaenda kuzitazama kanuni za wengine. Tuzo za Tony za Marekani, zilizoanza mwaka wa 1947, huanza na mahali: mchezo sharti uwe umechezwa katika jumba la Broadway linalostahiki, lenye viti 500 au zaidi. Kisha hutazama bango. Ambaye jina lake limetangulia jina la mchezo siku ya ufunguzi huhesabiwa kuwa mwigizaji mkuu. Ambaye jina lake limefuata huhesabiwa kuwa wa nafasi ya pili, isipokuwa kamati iamue vinginevyo. Na mahali pa jina katika bango hupatanwa na mawakala wakati wa kuandika mkataba. Kwa maneno mengine, ukuu wa mwigizaji unaweza kuwa umekwisha kuuzwa na kununuliwa kabla hajatamka neno lake la kwanza. Sisemi hili kwa dharau. Angalau bango halijidai kuwa uhakiki wa fasihi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni visa viwili vya watoto. Katika mchezo wa muziki uitwao Billy Elliot, nafasi ya Billy ilipokezanwa na wavulana watatu, kila mmoja akiwa na usiku wake. London waliwapa wote watatu kwa pamoja Tuzo ya Olivier ya mwigizaji bora wa mchezo wa muziki mwaka wa 2006. New York wakafanya vivyo hivyo mwaka wa 2009: wavulana watatu wengine, Tony moja ya mwigizaji mkuu. Ukaja mchezo wa Matilda, wasichana wanne wakipokezana nafasi ya Matilda. Mwaka wa 2012 London iliwatuza wote wanne kwa pamoja kuwa waigizaji bora wa kike. Mwaka uliofuata New York iliamua kwamba wasichana wake wanne hawastahiki kushindania kitengo hicho, ikawapa heshima maalumu nje ya mashindano. Nafasi moja, waigizaji kadhaa, na majibu mawili kutoka kwa tuzo ileile katika muda wa miaka minne.

Na kwa nini watoto hao walipokezana? Kwa sababu kazi ilikuwa nzito kupita nguvu za mtoto mmoja, na kwa sababu saa za kazi za mtoto zina mipaka. Ni ratiba ya kazi iliyowagawia nafasi, kama ilivyowagawia wanawake wa Kibera. Msomaji ataniambia kwamba kila Billy aliucheza mchezo mzima usiku wake, ilhali hawa waligawana onyesho moja. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Ila nikiulizwa lipi kati ya hayo mawili ni gumu zaidi kwa mwigizaji, kuanza mwenyewe na kumaliza mwenyewe, au kuipokea sentensi kinywani mwa mwenzako na kuifikisha bila kuimwaga, sina jibu la haraka. Jopo letu halikuulizwa swali hilo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwisha kulifunga. Isitoshe, hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Kule Kamirithu, Limuru, mwaka wa 1977, wanakijiji waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii mpaka leseni ilipofutwa mwezi wa Novemba. Mchezo ule tumeuandikia tasnifu ngapi, na ni tasnifu gani iliyowahi kumpima mwigizaji wake mmoja kama mwigizaji?

Kawangware kulikuwa na tatizo la aina nyingine katika msimu uleule. Kijana mmoja, ambaye kundi lake hufanyia mazoezi katika jengo la kanisa karibu na steji ya 46, alikuwa akizunguka shuleni na Kigogo ya Pauline Kea, ambayo wakati huo ilikuwa kitabu teule. Wasioijua kazi hii huidharau. Kundi hupeleka barua shuleni, hukubaliana bei kwa kila mwanafunzi, hukodi matatu, na kufika bwaloni alfajiri meza zingali na ukoko wa uji. Maonyesho ni mawili kwa siku, wakati mwingine matatu, katika shule tofauti. Na hadhira ina kitabu mkononi! Ukiruka mstari mmoja, wasichana mia nne hukuashiria kwa mguno. Sijui waamuzi wakali kuliko hao. Kijana yule aliigiza Majoka asubuhi na Boza mchana, na siku niliyomwona alijifunga leso akaigiza pia Mama Pima, kwa kuwa mwigizaji aliyestahili kufika alikuwa mgonjwa. Mama Pima wake ndiye ninayemkumbuka. Hakumfanyia mzaha, alimpa uchovu wa mtu auzaye kitu anachojua kwamba kinaua.

Kanuni zilimweka katika kitengo cha vitabu teule, kwa hoja kwamba bwalo la shule si ukumbi wa umma. Mtu mmoja aliuliza, kwa utani, kama Mama Pima angehesabiwa kuwa Mwigizaji Msaidizi wa Kike. Tulicheka, tukaendelea na ajenda. Ni ajabu kwamba tulicheka, maana wengi wetu tulilelewa na tamasha za drama za shule, na katika shule ya wavulana mama wa mchezo ni mvulana, wala hakuna anayeona ajabu. Mwaka wa 2023 mwigizaji Justin David Sullivan alijiondoa katika ushindani wa Tony kwa sababu hakuweza kuchagua kati ya kitengo cha wanaume na cha wanawake. Mwaka huohuo baadhi ya tuzo nyingine za New York, zikiwemo za Drama Desk, ziliviunganisha vitengo hivyo. Swali lao ni la mwigizaji ni nani. Letu la Kawangware lilikuwa la ameigiza nani. Ni maswali mawili, ila yote hukwama katika safu ileile ya fomu. Wapo waliokwepa fomu kabisa: tuzo za Obie za New York, tangu mwaka wa 1956, zimekuwa zikitoa heshima bila kufungwa na vitengo vya kudumu. Nimewahi kulipendekeza hilo hapa. Nikaambiwa, na ni kweli, kwamba mfadhili hutaka kujua mapema ni kombe ngapi atanunua.

Mwaka wa 2022 yule mwanamke mrefu wa Kamukunji alinijia ofisini. Shule moja ya binafsi ilikuwa ikimtafuta mtu wa kuwafunza watoto maigizo, naye alitakiwa alete uthibitisho. Alikuwa amebeba nakala ya cheti. Shuleni walikuwa wamemwuliza jina lake liko wapi katika cheti hicho.

"Nisaidie na barua, Daktari. Wewe ulituona."

Nilimwandikia palepale. Nilieleza onyesho, mahali na mwaka, na nikaandika kwamba alikuwa mmoja wa waigizaji watano walioigiza nafasi ya mama. Aliisoma taratibu, akaiweka mezani mbele yangu, kidole chake kikiwa juu ya neno "watano".

"Hapa watasema nilifanya sehemu moja ya tano ya kazi," alisema.

Nilimkumbusha, bila kufikiri, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia wote ni mama.

"Ndiyo. Sisi wote ni mama. Lakini barua ni yangu, na hao wengine pia watakuja kuomba zao."

Nilikaa na kalamu kwa muda. Aliyoyasema yalikuwa kweli, na niliyoyaandika yalikuwa kweli, na shule ile ingesoma moja tu kati ya hayo. Nikaichana barua, nikaandika nyingine: kwamba mwaka wa 2019, katika uwanja wa Kamukunji, Kibera, aliigiza mhusika mkuu. Nikatia sahihi na mhuri wa idara. Katika miezi iliyofuata nilizitia sahihi nyingine mbili za namna hiyo, na zile mbili zilizobaki nimeziandaa. Ziko katika mtoto wa meza.